Mstari Mmoja kwenye Fomu

Fomu yao imeacha mstari mmoja tu:
Sababu ya kutaka kujiunga.
Mstari mfupi, hautoshi hata jina la baba yangu.
Kalamu ninayo mkononi tangu saa mbili usiku,
mvua ya Keighley inalamba kioo,
ile mvua isiyonyesha wala isiyokoma,
na chai imepoa, imefanya utando.

Niandike nini?
Kwamba ukumbi wao una joto?
Ni kweli. Bomba lao hulia kama mbuzi aliyefungwa,
lakini ukiliegemea linapasha mgongo hadi mifupani,
na huku kwangu mita ya gesi
inakula hela kuliko mganga njaa.

Dada yangu Somoe kapiga simu kutoka Masasi.
Kule nguzo za umeme zimebandikwa karatasi:
jiunge na chama cha siri, tajirika, namba hii hapa.
"Kaka, wamekupa gari?"
Bado.
"Wametaka damu? Wametaja mtoto?"
Wametaka pauni sita kwa mwezi, Somoe,
na zamu ya kuleta maziwa Alhamisi ya pili.
Akanyamaza. Nikasikia redio yake.
"Basi hao," akasema, "hawana lolote."

Siri wanazo, lakini.
Kuna namna ya kubisha hodi, na kuna neno.
Nikiwa mgeni kwenye korido, nilimwona Bwana Sugden,
katibu wao wa miaka ishirini,
amelisahau neno, amezuiwa mlangoni,
kofia mkononi, anatazama dari.

Walinifunulia daftari la kwanza.
Wafumaji wa sufu, senti mbili mbili kwa wiki,
mwandiko umelala kama nyasi zilizopitiwa na upepo:
jeneza la mke wa Thomas, limelipwa;
makaa ya mawe kwa mjane, yamelipwa;
sanduku dogo, mtoto hakupewa jina, limelipwa.
Nikaguna. Wakadhani nimechoka.
Sikuchoka, nilimtambua mtu.
Kwetu hana ukumbi wala mkufu wa shaba kifuani,
ana masufuria ya kuazima, turubai lenye viraka,
na daftari la shule analotunza mama mweka hazina
chini ya godoro.
Sisi tunamwita kufa na kuzikana.

Sasa je, nimwandike Mzee Akida Mkwinda?
Ghorofa ya tatu, nyuma ya kituo cha treni.
Siku kumi na moja.
Aliyemgundua ni msoma mita.
Makaburini tulikuwa wanne,
na mmoja wetu ni dereva wa gari la maiti,
aliyeombwa, akavua glavu, akaja.
Nilishika upande wa kichwa,
nikahisi uzito ukimwagikia
pale ambapo palikosa bega.
Nilirudi na basi la saa tisa. Sikumwambia Somoe.
Mpaka leo nikipita kwenye ngazi zile
naongeza mwendo, kama mdaiwa.

Mstari mmoja.
Nikaandika: kuzikana.
Nikalala.

Alhamisi Bwana Sugden alivaa miwani,
akalisoma kwa midomo,
akakosea silabi zote nne,
wala hakuuliza maana.
Aliuliza jingine:
"Bega lako la kulia ni zima?
Ijumaa tunamtoa Wilfred Holdsworth,
na humu ndani mdogo wetu kabisa
ana miaka sabini na tatu, na goti la chuma."

Mimi nina hamsini na mbili.
Sijaitwa kijana tangu nivuke bahari.

Wakanisimamisha kwenye safu, katikati ya viti,
warefu wote, wamenyooka kama milango.
Akanipima kwa jicho moja,
akaenda kabatini, akarudi na taulo la jikoni,
akalikunja mara nne, akaliweka begani mwangu,
akarudi nyuma kutazama kama tumelingana.

Akaongeza mkunjo mmoja.