Skrubu Nne

Duka la Sikonge lilikuwa na darubini mbili:
ndefu, yenye majivuno, na hii fupi.
Nikachukua fupi. Bunduki yenyewe mtoto,
risasi yake haizidi punje ya karanga;
ukimvika kofia ya jemadari
ataanguka kifudifudi.

Usiku, juu ya gunia la mpunga,
Kalunde ameshika taa, mimi bisibisi.
"Usikaze upande mmoja," anasema,
binti wa fundi baiskeli.
"Robo huku, robo kule."

Asubuhi, kopo juu ya kichuguu, hatua hamsini.
Ya kwanza, kushoto.
Ya pili, kushoto palepale.
Nikazungusha kitufe: tik, tik.
Ya tatu kopo likaruka.

Kisha kanga akaingia mwenyewe msalabani,
karibu mno,
nikaona jicho lake likipepesa.
Kidole kikasahau kazi.

Tulikula maharage.