Safu Tatu, Usizidishe

Karatasi ya chooni, safu tatu, usizidishe.
Gundi nyeupe ya shule. Bandika chini ya kiwiko,
ngoja feni ikaushe; umeme ukikatika
pepea kwa mfuniko wa sufuria.
Kisha chana katikati kwa kijiti cha mshikaki,
taratibu, kama unafungua barua isiyo yako.

Damu ni sukari iliyochemshwa na choya,
na kahawa kidogo, isije ikawa nyekundu ya harusi.
Hilo nililijua kwa aibu. Filamu ya kwanza
Shemboza aliweka kamera chini akaniuliza:
"Huyu kakatwa panga au kamwagiwa sharubati?"

Mama ndiye aliyeninyoosha.
Miaka thelathini na mmoja Bombo, wodi ya majeruhi;
alikuwa akipita uani na ndoo ya kufulia
anaitupia jicho kazi yangu: "Kingo zimekaa vibaya.
Nyama haichaniki kama kitenge."
Au: "Tia weusi ndani. Kidonda kina kina."
Na siku akiwa na nafasi, alisimulia
kijana wa Pongwe aliyeshikwa na korona,
ile mashine ya mkonge: alivyomwahidi mkono hautakatwa,
na ulivyokatwa,
na kwamba ni yeye aliyeupeleka kuzikwa
umefungwa shuka la hospitali,
mzito kuliko ulivyoonekana.

Siku hizi Mama hupotea akiwa kitini.
Husali adhuhuri mara mbili, huniita kwa jina la mjomba.
Jumatatu nilipita mbele yake nikitafuta wanja,
mkono umeiva, kazi ya saa tatu,
Shemboza ananisubiri Barabara ya Kumi na Mbili na watu wake.

Akainuka. Yeye ambaye huinuliwa.
"Wa Pongwe," akasema. "Kaa."
Nikakaa.

Maji ya moto, chumvi. Akachana leso yake nyeupe
kwa meno, vipande sawasawa, bila kuvipima.
Vidole vilivyoshindwa na vifungo vya gauni
vikajua pa kushika, vikajua pa kuruka.
Nilitaka kusema ni karatasi, Mama, ni gundi.
Lakini alipogusa nilijikunja. Wallahi, iliuma.

Karatasi ikalowa, ikatoka uzi kwa uzi,
choya ikageuza maji ya bakuli.
Chini yake ngozi yangu, nzima, na vinyweleo vyake.
Akaitazama muda mrefu.
"Si nilikwambia," akasema, "hatukati."

Akaifunga hata hivyo. Fundo bapa, lisiumize ukililalia.
"Alhamisi uje nibadilishe."
Simu ilitetemeka mezani mpaka ikachoka.

Leo Jumatano, usiku, niko uani na taa ya simu.
Safu moja tu. Kingo zianze kukutana,
pembeni manjano kidogo, katikati rangi ya ulimi wa paka.
Shemboza hajawahi kuniagiza kidonda kinachopona;
watu hawalipi kiingilio kwa hilo.
Nafuta, naanza tena.
Sijui wekundu wake uanzie wapi kufifia.
Wa kumuuliza amelala.