Fundi wa Simu, Birere

Hapa Goma viatu havidanganyi:
vumbi jeusi la mlima humpaka kila mtu,
padri, mchuuzi, msukuma chukudu.
Kwa hiyo alipoinama kibandani kwangu
mwenye viatu ving'aavyo kama sambaza wabichi,
nilijua kuna gari linamngoja
na injini haijazimwa.

Hakuleta simu. Alileta orodha.

"Simu za hawa zikifika mkononi mwako,
zitie hiki." Kijidude, kidogo kuliko punje ya mtama.
"Ni kwa usalama."
Wa nani? nikauliza, nikipuliza bisibisi isiyo na vumbi.
Akanitajia shule ya binti yangu,
na pesa nilizomtumia mama Butembo juzi,
pamoja na makato.

Hata mke wangu nilikuwa sijamwambia.

Miaka kumi na miwili nafungua migongo ya simu za watu.
Siri ya mtungi aijuaye kata,
nami ndimi kata ya mtaa huu.
Mama Kavugho, muuza sombe,
hajafuta sauti ya marehemu mumewe:
sekunde kumi na moja, anaulizia chumvi.
Niliisikia nikijaribu spika,
nikaona haya kama aliyeingia bafuni bila hodi.
Tangu siku ile najaribu spika kwa redio.

Jina lake ni la tisa katika orodha.
Kavugho! Kosa lake nini?
Labda aliuliza mbele ya watu mbona bomba ni kavu.
Labda hana kosa;
ufagio hauulizi taka majina.

Saa kumi akaja, kioo kimepasuka.
Simu arobaini zimelala chali mezani,
kila moja na sikio lake.
Sikusema. Nikaandika kwenye pakiti ya unga:
*Mama, sauti ya mzee ihifadhi kwingine. Wanatega.*
Akaigeuza karatasi juu chini, chini juu.
"We Muhindo!" akamwita kijana wa viazi,
"njoo unisomee, kwa nguvu, sikio langu moja bovu!"

Nikampokonya, nikaitia kinywani.
Unga, wino, gundi.
Muhindo alifika akanikuta nimevimba mashavu.

"Fundi ana njaa," mama akasema,
akacheka, akanimenyea ndizi.

Punje ile bado imo mfukoni mwangu.
Sijaitia.
Sijathubutu kuitupa.