Jino Ndani ya Gitaa

"Hili ndilo la mwisho," nilimwambia Murdena.
Akaendelea kumenya viazi.
Maneno hayo ameyasikia mara kumi na moja,
na ya kumi na moja ilikuwa Jumanne.

Mchana naendesha gari la kuondoa theluji,
kutoka Glace Bay hadi gati la zamani la makaa,
nikisukuma kando weupe ambao kesho utarudi.
Usiku nasukuma magitaa.
Linaingia moja, linatoka moja na nusu:
ile nusu ni pesa ya matairi,
ni pesa ya miwani ya Murdena,
ni pesa ambayo haikuwahi kupewa jina.

Usiniulize natafuta nini.
Nitakuambia: sauti.
Nitakuambia ubao wa msonobari uliokauka miaka arobaini
hunguruma kama mtu aliyeamka sasa hivi,
na shingo nene hukujaza kiganja
kama mkono wa rafiki anayekuaga.
Yote ni kweli.
Hata mlevi husema kweli
akilisifu umbo la chupa.

Kweli yenyewe ni ndogo zaidi.
Napenda kufyatua vifungo vya kasha,
kimoja, viwili, vitatu, vinne, cha tano kimelegea,
harufu ya gundi na ya kabati la mtu mwingine
inanipanda puani, na kabla sijaligusa
mimi ni mpigaji hodari.
Kisha naligusa.
Zinatoka nyimbo zile zile nne,
na ya tatu sijui mwisho wake.

Kipya kinyemi, walisema waliojua,
wakaongeza: ingawa kidonda.
Mimi nakikuna.

Februari, njia ya Antigonish, baridi ya kupasua mbao,
nililifunika lile la Jumanne kwa blanketi
nikaenda kulibadilisha.
Nyuma ya kituo cha mafuta alinisubiri
Alphonse Boudrot, fundi wa mabomba,
glavu zake zimekatwa ncha za vidole,
macho yake ni yangu: ya mtu aliyeaga nyumbani
kwamba anakwenda kununua maziwa.
Tukafungua makasha juu ya boneti,
tukapapasa, tukagonga migongo, tukainamisha sikio,
madaktari wawili wasio na leseni.

Lake lilikuwa na kovu la sigara karibu na tundu.
Kovu nalijua.
Nikalitikisa.
Ndani kitu kikalia: tik.
Tik.

Effie alikuwa na miaka sita.
Jino lilipong'oka alikataa kuliweka chini ya mto,
akalitumbukiza kwenye gitaa langu,
"lijifunze kuimba,"
nami nikaapa halitatoka humo.
Miaka mitatu baadaye niliuza lote, jino na nyuzi,
nikanunua lenye mgongo wa mninga
ambalo leo silikumbuki hata rangi.

"Kuna kitu kinacheza humo," alisema Boudrot kwa haya,
"nimekitafuta kwa waya, kwa sumaku, nimeshindwa.
Nakupunguzia hamsini."
Alitaka nyongeza ya dola mia nne.
Nikamwambia asipunguze.
Akanitazama kama mtu
anayehofu kwamba ameuza kwa hasara.

Murdena alilitikisa jikoni, mara moja tu,
kisha akaweka kisu chini.
Hakuuliza bei.
Alimpigia Effie huko Alberta,
akaishikiza simu kwenye tundu,
na kwa muda mrefu hapakuwa na la kusema
upande wowote.
"Hili halitoki," alisema baadaye. "Mengine shauri yako."

Halijatoka. Limetundikwa juu ya kochi,
nalipiga Jumapili, jino likikosea mapigo.

Lakini sasa ni saa saba usiku, yeye amelala,
na kuna mtu Moncton anauza la nyuzi kumi na mbili,
lina ufa mgongoni, bei ya maelewano.
Naikuza picha kwa vidole viwili.
Tundu ni giza tupu.
Naikuza tena.
Sijui humo mna nini.