Maharage Kumi na Moja

Kutaisi, majira ya baridi. Umeme ulikuja saa nane usiku
kama mgeni asiyevua viatu,
ukakaa saa moja, ukaenda zake.

Mama, aliyekuwa akipima mota kiwandani
hadi mishahara ilipogeuka matairi,
aliifungua televisheni yetu kwa bisibisi
akatoa kiini chake: mabamba ya chuma,
herufi E juu ya herufi E,
membamba kama karata.
"Sentimita tisa za mraba. Basi mizunguko mitano kwa kila volti."
Akaandika kwenye ukuta wa jikoni:
mia mbili ishirini mara tano.
Elfu moja na mia.

Akapanga maharage kumi na moja sahanini.
Kila mizunguko mia, moja liliingia kikombeni.
Sahani ikibaki tupu, kazi imekwisha.
Waya wa shaba ulipita kati ya vidole vilivyopasuka kwa baridi,
tabaka, karatasi ya nta, tabaka,
naye akihesabu kwa midomo bila sauti
asije akaamsha njaa yetu.

Kisha waya mnene, wa upande wa betri,
betri ya lori la Mjomba Otari, lori lililokwisha kuuzwa magurudumu.
Hapo alikwama siku mbili.
Ili betri itoe, mizunguko iwe michache,
hamsini na minne, kwa kuwa volti huchoka njiani.
Ili ipokee, iwe mingi zaidi,
la sivyo chaja itabisha hodi usiku kucha
na mlango usifunguke.
Watu husema kutoa ni moyo.
Mama alisema kutoa ni hesabu,
na kupokea ni hesabu nyingine,
ila koili ni hiyo hiyo.
Mwishowe akachomoza ulimi wa waya kwenye hamsini na nne,
akaendelea, akachomoza mwingine kwenye sabini na mbili.
"Huu wa kutoa. Huu wa kupokea."
Akaongeza rilei ya lifti iliyokufa, ikate chaji kwa wakati,
maana betri ikishiba bila kuambiwa basi
huchemka.

Saa nane. Umeme.
Kwanza akazungusha waya wa majaribio, mara kumi tu,
akaweka mita. Ilitakiwa kusema volti mbili.
Ikasema mbili nukta mbili.
Akagonga kioo chake kwa kucha.
Mbili nukta mbili.
Akageukia ukuta, akagawanya. Elfu moja kamili.
Akamimina kikombe mezani: maharage kumi.

Hakunitazama mimi. Alimtazama mwanasesere wangu, Keto,
ambaye tangu Jumanne alikuwa na jicho jipya,
jekundu, la kung'aa.

Nilingoja kofi.
Akachukua waya mwembamba uliosalia,
akaanza kuuzungusha juu ya vyote, mwelekeo uleule,
kama mtu afungaye kidonda.
"Hesabu wewe," akasema. "Kwa sauti."
Nikahesabu. Sabini na tatu, umeme ukakatika.
Nikaendelea gizani, naye akaendelea.

Siku ya tatu balbu ya wati arobaini ikawaka,
njano, ikitetemeka kidogo,
na chini ya meza transfoma ikinguruma kama paka asiye na adabu.
Lamara wa ghorofa ya juu akashuka na sindano zake za kufuma
bila kualikwa.
Akauliza kwa nini mwanasesere ana jicho moja.

"Mizunguko mia," Mama akamjibu,
asifafanue.