Misumari Yenye Kutu

Mjukuu wangu Sabiha kaniwekea simu inayoona.
Bibi, ielekeze jamvini, akaniambia.
Nikaielekeza, kama mtu anayewasha kurunzi mchana,
nayo ikasema, kwa Kiswahili cha taarifa ya habari:
"Naona mkeka. Juu yake kuna misumari mingi midogo, yenye kutu."

Nilicheka mpaka jirani akaja uani kuuliza kulikoni.
Karafuu za Mtambwe, siku nne za jua,
ndizo misumari!
Haya, nikaiambia, jengea nyumba yako.

Macho yangu yaliondoka taratibu,
kingo kwanza, kisha kati.
Mkono ukabaki. Makonyo nayachambua kwa kidole gumba,
mpeta naujua kwa unene wake,
na karafuu kavu ukiivunja hulia, ka!
Mbichi hupinda tu.

Kituoni Wete wameleta kamera nyingine. Hiyo imesoma.
Humwagiwa karafuu kwenye sinia,
ikanyamaza muda wa bismillahi,
kisha ikataja daraja, na unyevu kwa nukta.
Wanaume waliokuwa wakibishana na mpimaji hadi adhuhuri
hawana tena wa kubishana naye.
Mzee Kombo alijaribu. Aliiapia. Haikumjibu.

Wakaja na vijana wa chuo, na vinasa sauti,
wanakusanya maneno ya Pemba, wanalipa kwa saa.
"Semeni lolote," walisema,
na wanawake sita tusiojua kunyamaza
tukawa hatuna la kusema.
Nilianza mimi: makonyo. Mpeta. Kuanika. Kuanua.
Nikaeleza jamvi linavyokunjwa mvua ikishuka ghafla.
Jina alilokuwa akiniita marehemu Khatib
sikuwapa. Lile halilipwi kwa saa.

Msimu huu simu imekua.
"Naona karafuu zimeanikwa," yasema.
Kunusa bado, lakini ikikosea huomba radhi,
jambo ambalo kwa mpimaji sijawahi kulisikia.

Jana nikaielekeza kwenye risiti ya kituo.
Kujaribu tu.
Ikasoma jina langu, Time Shaame Hamad,
ikasoma tarehe, daraja la kwanza,
kilo thelathini na nne na nusu.

Nikaisomesha tena.
Thelathini na nne na nusu.

Faki, mtoto wa kaka yangu, ndiye anayenipelekea magunia,
ndiye anayenisomea, misimu tisa sasa.
Asubuhi ile alinisomea thelathini,
akanihesabia noti kiganjani, moja moja, kwa upole,
kama mtu anayelisha kuku.

Baada ya isha alikuja, kama kawaida yake.
Nikamuuliza kikohozi cha mwanawe.
Simu ilikuwa mapajani, nimeizima.
Nikammiminia chai, kidole ukingoni,
na joto lilipokuwa bado liko mbali na kidole
nikaacha.

"Shangazi, kikombe hakijajaa."

"Ehe," nikamwambia.
"Hebu nisomee. Kimepungua ngapi?"