Tui la Pili

Daftari langu halinionei haya.
Jumamosi ya kwanza: asilimia hamsini na nane.
Ya pili: hamsini na tisa, nikajipongeza
kama mtu aliyeokota shilingi mfukoni mwake mwenyewe.
Kilo tano za kimea cha shayiri, kwa bei ya kuumiza,
na karibu nusu ya utamu
unabaki kwenye machicha, unatoka nayo
mlangoni, mchana kweupe, bila kuaga.

Nikamlaumu Lusajo.
Mashine yake inajua sembe na dona, haijui subira.
Nikamwambia: vunja, usisage. Punje ipasuke vipande vitatu, vinne,
ganda libaki kama shati lililovuliwa.
Akanitazama. "Unataka unga au hutaki?"
Mara ya kwanza punje zilitoka nzima, zikinicheka.
Mara ya pili vumbi tupu, bomba likaziba,
nikakesha nikikoroga kitu
ambacho mama angekiita ugali na kukitafutia mboga.

Nikayalaumu maji.
Ya kisima, hapa Bonyokwa, yana chumvi na chokaa,
sufuria inaota ukoko mweupe.
Ya bomba huja Alhamisi usiku, yakikohoa.
Nikachanganya nusu kwa nusu, nikakamulia ndimu,
tone, tone, kama anayempa mtoto dawa,
hadi karatasi ya kupimia uchachu ikakubali.
Sitini na tatu.

Nikalilaumu deli.
La bluu, la Feri, ukilifungua bado linamkumbuka changu.
Nikalivisha blanketi, nyuzi sitini na sita zisitoroke,
maana vimeng'enya ni mafundi wenye madeko:
joto likipungua wanazembea,
likizidi wanakufa na nyundo mkononi.
Baada ya saa nzima, tone la ayodini kwenye kisosi.
Likigeuka wino, wanga bado umelala.
Halikugeuka. Wanga wote umeshakuwa sukari.
Basi sukari iko wapi?

Bi Mize hanywi. Hajawahi, hatawahi;
harufu ikivuka ukuta hufunga dirisha kwa adabu.
Lakini machicha ya kuku wake huyafuata mwenyewe
kila Jumamosi, na ndoo ya rangi.
Akanikuta namwaga maji ya moto yote kwa mpigo,
bomba wazi hadi mwisho,
haraka ya mtu mwenye mechi saa kumi.

"We Ndelilio. Nazi unaikamuaje?"

Nikanyamaza. Nazi kwetu hununuliwa kwenye pakiti.

"Tui la kwanza unalitoa, unaliweka kando.
Halafu maji, kidogo, unayaacha yaingie.
Ndipo unatoa tui la pili. Tena kidogo.
Ukimwaga ndoo nzima yanajitafutia kichochoro,
yanapita zake,
na utamu umekaa ndani unakusikiliza."

Nikalibana bomba mpaka likatoka uzi.
Bakuli moja, juu ya mgongo wa kijiko,
kitanda cha maganda kisitoboke.
Nikangoja. Bakuli jingine.
Mechi ikaisha, sikujua nani kafunga.
Kile kipimio cha kioo kikainuka ndani ya mrija,
kikayumba, kikasimama.
Sabini na tisa.
Niliiandika hadi kalamu ikatoboa karatasi.

Wiki iliyofuata Bi Mize alirudi na ndoo haijaisha.
"Kuku wamegoma. Wanadonoa, wanatema, wananitazama mimi."
Akaiweka chini. "Mwaka mzima
wamenenepa kwa uzembe wako. Mayai niliyaona. Nilijua."

"Sasa kwa nini ulinifundisha?"

Alifikiri, mkono kiunoni.
"Nilivumilia, mwanangu. Lakini siku ile ulivyomwaga,
mikono yangu iliwasha."

Kwa hiyo bakuli la mwisho silimimini tena.
Daftari sasa linasema sabini na sita, wiki hata wiki,
na pembeni, kwa penseli:
tatu za kuku.